MOSHI WA MAKAA YA MAWE NA JIWE LA CHOKAA

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama katika darasa la Jumapili la Chama. Twayachapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini siku hiyo, na kwa matawi yaliyoomba kuyasoma.)



Nimeombwa niseme juu ya moshi. Labda wengine wenu mwajiuliza moshi una habari gani hata chama cha wafanya kazi kiutengee saa nzima. Tumezoea kusema juu ya mishahara, saa za kazi, likizo na nyumba. Moshi, mwasema, ni jambo la mainjinia.

Mimi nasema sivyo. Moshi watoka mahali pa kazi, na mtu wa kwanza kuuvuta ni mfanya kazi. Baada yake huvutwa na mke wake na watoto wake, kwa kuwa nyumba za wafanya kazi hujengwa karibu na kiwanda. Nyumba ya mwenye kiwanda huwa mbali, tena upande ule utokako upepo. Basi jambo hili ni letu kama mshahara ulivyo wetu.

Leo nitasema juu ya kitu kimoja tu kilichomo katika moshi wa vituo vya umeme vinavyochoma makaa ya mawe, nacho ni kiberiti. Nitasema pia juu ya dawa yake moja, nayo ni jiwe la chokaa. Nitaeleza jinsi jiwe hilo linavyofanya kazi, limetumika wapi, na wapi liliwekwa kando. Dawa hii imejulikana kwa miaka zaidi ya tisini. Basi tukiona mahali ambapo haitumiki, tusikubali kuambiwa kwamba maarifa hayajafika. Tuulize nani amekataa kulipa.

KIBERITI NI NINI?

Neno hili twalijua kwa sababu ya kile kisanduku cha njiti tunachonunua dukani. Lakini kiberiti chenyewe ni madini ya rangi ya manjano, na watu wengine hukiita salfa. Mkiwasha njiti na kuisogeza karibu na pua, ile harufu kali inayochoma pua na kuleta machozi ndiyo dalili ya kiberiti kinachoungua.

Makaa ya mawe yametokana na miti na majani yaliyozikwa chini ya ardhi zamani sana, nayo yana kiberiti ndani yake. Makaa mengine yana kidogo, chini ya sehemu moja katika mia. Mengine yana sehemu tatu au nne. Makaa yakiungua, kiberiti nacho huungua, hushikana na hewa, na huwa gesi isiyo na rangi. Wataalamu huiita salfa dioksaidi. Sisi leo tutaiita gesi ya kiberiti.

Gesi hii ina ubaya wa namna tatu. Kwanza, huwasha koo na kifua, na mtu mwenye pumu hubanwa mara moja. Pili, ikikaa hewani hugeuka kuwa vumbi jembamba sana lisiloonekana kwa macho, ambalo huingia mpaka ndani ya mapafu na kudhuru hata moyo. Tatu, ikikutana na mvua huwa maji makali, yaani asidi, ambayo hula mabati na mawe ya majengo, huharibu miti, na huua samaki katika maziwa.

Angalieni jambo moja. Moshi mweusi mwauona, mtalalamika. Gesi ya kiberiti hamwioni. Dohani yaweza kuonekana safi kabisa na huku inatoa sumu mchana na usiku. Kwa hiyo mtu asiwaambie, “Tazameni, hakuna moshi,” nanyi mkarudi nyumbani mkiwa radhi.

JIWE LINAFANYAJE KAZI?

Chukueni kipande cha tumbawe, au kombe la pwani, mkisage kiwe unga, kisha mkamulie ndimu juu yake. Mtaona povu. Ukali wa ndimu umekutana na chokaa, na chokaa imeuvunja ukali ule. Mkijaribu kwa kipande kizima ambacho hakikusagwa, povu litakuwa dogo, kwa sababu ndimu yagusa nje tu.

Mtambo mkubwa wa kuosha moshi hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Mawe ya chokaa huletwa kwa treni au kwa malori, huvunjwa, kisha husagwa katika kinu kikubwa chenye mipira ya chuma mpaka yawe laini kama unga wa sembe. Unga huo huchanganywa na maji ukawa uji mweupe. Uji hupandishwa kwa pampu mpaka juu ya mnara, nao hunyunyizwa ndani kama mvua. Moshi kutoka kwenye tanuri, baada ya kuondolewa majivu, huingia chini ya mnara na kupanda juu. Uji washuka, moshi wapanda. Hapo vinapokutana, chokaa huikamata gesi ya kiberiti.

Chini ya mnara hupulizwa hewa ndani ya uji, na kile kilichokamatwa hugeuka kuwa jasi. Jasi hukamuliwa maji ikabaki kama mchanga wenye unyevu. Mafundi wa nyumba mwaijua: hutiwa katika saruji ili isigande upesi mno, na hutengenezwa mbao za dari na za kuta. Basi uchafu uliokuwa ukienda kwenye vifua vya watu waweza kupigiliwa misumari darini.

Mtambo mzuri unaoangaliwa vizuri hukamata sehemu 90 na zaidi katika kila 100 za gesi ya kiberiti. Ziko njia nyingine pia. Mahali pengine chokaa iliyochomwa hunyunyizwa ikiwa na maji machache, ikatoka kavu. Mahali pengine jiwe hutiwa tanurini pamoja na makaa yenyewe. Mahali pengine hutumika magadi. Lakini njia ya uji wa chokaa ndiyo iliyoenea zaidi katika vituo vikubwa.

HESABU YAKE

Nataka mwende na hesabu, maana asiye na hesabu hudanganywa mchana.

Chukueni makaa tani 100, yenye kiberiti sehemu moja katika mia. Ndani yake mna tani 1 ya kiberiti. Ikiungua huwa tani 2 za gesi. Kuikamata gesi yote hiyo yatakiwa mawe safi ya chokaa tani 3 na kidogo. Kitokacho mwishoni ni jasi tani 5.4. Sasa fikirini kituo kinachochoma tani 20,000 kwa siku. Kila siku ya Mungu chatoa tani 400 za gesi ya kiberiti. Kuizuia chahitaji mawe zaidi ya tani 600, na hutoa jasi zaidi ya tani 1,000.

Hapo mwaona mambo mawili. Jiwe lenyewe si kitu adimu, maana ni jiwe lile lile la saruji na la kupaka kuta. Lakini kazi ni kubwa: machimbo, treni, vinu, pampu, minara, maji mengi, na watu wa kuviangalia. Gharama iko hapo. Na tajiri akitafuta pa kupunguza gharama, mtambo wa kuosha moshi ndio humjia kwanza, kwa kuwa hauongezi hata chembe ya umeme wa kuuza. Kinyume chake, wenyewe hutumia umeme.

MIAKA ILIYOPITA

Katika mji wa London, mwaka 1929, ilianza kujengwa stesheni kubwa ya umeme mahali paitwapo Battersea, kando ya mto Thames. Watu wakalalamika. Walitaja majumba ya fahari, bustani, na picha za thamani zilizowekwa ng'ambo ya mto. Kampuni ikalazimishwa kutafuta njia ya kuondoa kiberiti. Stesheni ilipoanza kazi mwaka 1933 moshi wake ulioshwa kwa maji ya mto pamoja na chokaa. Kwa hiyo hata wakati ule, babu zetu walipokuwa vijana, ilijulikana wazi ya kuwa moshi waweza kuoshwa.

Lakini kazi ile ilikuwa na makosa yake. Maji machafu yalirudishwa mtoni. Tena moshi uliooshwa ulikuwa baridi, haukupanda juu, ukashuka karibu na watu. Halafu vita vilipokuja, uoshaji ulisimamishwa kwa kuogopa kwamba mvuke mweupe utawaonyesha marubani wa adui mahali pa kutupa mabomu.

Mwezi wa Desemba 1952 ukungu mzito uliochanganyika na moshi uliufunika mji wa London kwa siku tano. Hesabu ya kwanza ilisema watu wapatao 4,000 walikufa, na wataalamu waliochunguza baadaye walitaja hesabu kubwa zaidi. Moshi mwingi ulitoka katika majiko ya nyumbani pamoja na viwanda. Hapo ilionekana kwamba stesheni moja kuosha moshi wake hakutoshi ikiwa mji mzima unachoma makaa. Sheria ya hewa safi ilipitishwa mwaka 1956.

Baada ya hapo matajiri wengi walichagua njia rahisi zaidi. Walijenga dohani ndefu. Dohani ya kituo cha Drax, kaskazini ya Uingereza, ina urefu wa mita 259. Lakini dohani ndefu haiondoi sumu, huipeleka kwa jirani. Wanorwe na Waswidi walianza kuona samaki wakifa katika maziwa yao, wakasema mvua kali ile yaletwa na upepo kutoka nchi nyingine, Uingereza mojawapo. Mwaka 1979 nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini zilitia sahihi mapatano huko Geneva juu ya hewa chafu inayovuka mipaka.

Ujerumani ya Magharibi, ilipoona misitu yake inakauka, ilitoa amri mwaka 1983. Vituo vikubwa vilipewa mpaka katikati ya mwaka 1988 kufunga mitambo ya kuosha moshi au kufungwa. Matajiri walisema muda hautoshi na gharama zitawashinda. Mitambo ikafungwa, na umeme ukaendelea kuwaka.

Drax nayo ilianza kufungiwa mtambo mwaka 1988, na kazi ilikwisha mwaka 1996. Mawe yalitoka katika machimbo ya Derbyshire kwa treni, na kituo kikifanya kazi kwa nguvu zote kilihitaji tani zipatazo 10,000 kwa juma. Jasi yake iliuzwa kwa watengenezaji wa mbao za kuta. Siku hizi Drax haichomi makaa tena, na kituo cha mwisho cha makaa ya mawe nchini Uingereza kilifungwa tarehe 30 Septemba 2024.

Nimetaja habari hizi kwa sababu moja. Katika kila nchi niliyoitaja, jiwe lilikuwako kabla ya sheria. Halikutiwa mtamboni mpaka watu walipolalamika na Serikali ikaamuru.

AFRIKA YA KUSINI

Sasa turudi Afrika. Katika bara letu nchi inayochoma makaa ya mawe kupita zote ni Afrika ya Kusini. Kampuni ya umeme ya Serikali, Eskom, ilijenga vituo viwili vikubwa sana katika miaka hii. Kimoja ni Medupi, karibu na Lephalale. Kingine ni Kusile, karibu na eMalahleni, mji ambao zamani uliitwa Witbank. Kila kimoja kina mashine sita.

Kusile kilijengwa pamoja na mtambo wa kuosha moshi kwa uji wa chokaa. Medupi kilijengwa bila mtambo huo, ila nafasi yake iliachwa. Mwaka 2010 Benki ya Dunia ilikopesha dola bilioni 3.75, sehemu kubwa kwa ajili ya Medupi, na ilikubaliwa kwamba mtambo ungefungwa baadaye, mashine moja baada ya nyingine. Mashine zote sita zilikwisha kuanza kazi mwaka 2021, na hakuna hata moja iliyokuwa na mtambo huo. Sababu zilizotolewa ni gharama, na pia maji, kwa kuwa Lephalale ni nchi kavu na uji wa chokaa wahitaji maji mengi. Sababu ya maji ni ya kweli. Lakini watu wa Lephalale, waliokwisha ahidiwa hewa safi, waliendelea kuvuta gesi.

Na Kusile, kituo chenye mtambo, kilipatwa na nini? Mwezi wa Oktoba 2022 bomba kubwa la kupeleka moshi wa mashine ya kwanza dohani liliporomoka. Uji wa chokaa uliokuwa ukichukuliwa na moshi uliganda ndani ya bomba, uzito ukazidi, bomba likashindwa. Mashine tatu zilizotumia dohani hiyo zote zikasimama, na nchi ikapoteza megawati zaidi ya 2,000.

Wakati huo Afrika ya Kusini ilikuwa na upungufu mkubwa wa umeme. Stima zilikatwa kwa zamu kila siku, saa nyingi. Maduka yalifungwa, vyakula viliharibika, viwanda vilipunguza kazi. Basi Eskom iliomba ruhusa kujenga dohani fupi za muda ambazo hazipiti katika mtambo wa kuosha, ili mashine tatu zirudi upesi. Mwezi wa Juni 2023 Wizara ya mazingira iliwapa ruhusa mpaka tarehe 31 Machi 2025. Kabla ya mwisho wa mwaka 2023 mashine zilikuwa zinafanya kazi tena, na gesi ya kiberiti ikitoka bila kuoshwa.

Ndugu zangu, mimi sisemi uamuzi ule ulikuwa mwepesi. Mgonjwa aliye katika mashine ya hospitali ahitaji umeme. Mfanya kazi ambaye kiwanda chake kimefungwa ahitaji umeme. Lakini angalieni mzigo ulibebwa na nani. Umeme uligawanywa nchi nzima. Gesi haikugawanywa nchi nzima, ilibaki kwa wafanya kazi wa Kusile na majirani zao.

Katika ruhusa ile Wizara iliweka sharti ambalo kila chama cha wafanya kazi chapaswa kulikumbuka. Eskom ilitakiwa kuleta watu wasiokuwa wake kuwapima afya wafanya kazi wa kituo na watu wanaokaa karibu, na wale watakaoonekana kuwa na ugonjwa unaoweza kuzidishwa na gesi wapelekwe katika hospitali za umma. Sharti hilo ni ushahidi. Lathibitisha kwamba Serikali yenyewe ilijua nani ataumia. Wala upimaji si matibabu yenyewe, ni mwanzo tu. Chama chapaswa kuuliza waliopimwa ni wangapi, walioonekana wagonjwa ni wangapi, na walitibiwa au walipewa barua tu.

WATU WANAOUFANYA MTAMBO UENDE

Habari ya Kusile yatufundisha jambo la pili. Mtambo ukikwisha kujengwa, kazi haijakwisha. Jiwe halijisagi lenyewe, wala uji haujisafishi wenyewe katika mabomba. Lazima wawepo watu wa kupima, kusafisha na kutengeneza, wa kutosha, waliofundishwa, na wanaosikilizwa wanaposema kwamba kuna kitu kinaganda mahali fulani. Palipo na uhaba wa watu, tope huganda.

Na watu hao wana hatari zao, ambazo hazitajwi katika picha nzuri za matangazo:

1. Vumbi la mawe katika vinu na mikanda ya kubebea. Mawe mengine yana chembe za mchanga mgumu zinazodhuru mapafu kwa maisha yote.

2. Kelele ya vinu, ambayo huua masikio polepole bila maumivu.

3. Chokaa iliyochomwa, pale itumikapo badala ya jiwe bichi. Ikikutana na maji au jasho hupata moto, nayo huunguza ngozi na kupofusha macho.

4. Kuingia ndani ya mnara au tangi kwa kazi ya kusafisha. Gesi yaweza kuwa imebaki, na hewa ya kupumua isitoshe. Asiingie mtu peke yake, wala asiingie kabla hewa haijapimwa.

5. Moto. Minara mingi hutandikwa ndani mpira au plastiki ili chuma kisiliwe. Cheche za kuchomelea zimepata kuwasha minara ya namna hii wakati wa matengenezo. Ndani ya mnara hakuna pa kukimbilia.

JIWE HALIWEZI YOTE

Mtu akiwaambia makaa yaliyooshwa ni makaa safi, mjibuni kwa adabu kwamba hiyo ni nusu ya habari.

Uji wa chokaa hukamata kiberiti. Haukamati gesi ya ukaa inayoongeza joto la dunia. Makaa tani 100, ikiwa sehemu 60 katika mia ni kaboni, hutoa gesi ya ukaa tani 220. Na chokaa yenyewe, inapokamata kiberiti, hutoa kidogo zaidi ya gesi hiyo hiyo. Pia maji yanayobaki katika mtambo huwa na chumvi na madini ya sumu kama zebaki, nayo lazima yasafishwe kabla ya kumwagwa. Jasi isiponunuliwa huwa mlima wa taka. Kwa hiyo jiwe lapunguza dhara moja kubwa sana, na hiyo ni faida ya kweli, lakini halifanyi makaa kuwa maji ya kunywa.

NA SISI HAPA KENYA?

Nchi yetu haina kituo cha umeme cha makaa ya mawe. Sehemu kubwa ya stima zetu yatoka katika mvuke wa ardhi kule Olkaria, katika mito, na katika upepo. Lakini jambo hili limetupitia karibu sana. Kulikuwa na mpango wa kujenga kituo cha megawati 1,050 huko Kwasasi katika Lamu, na makaa yake hapo mwanzo yaletwe kwa meli kutoka Afrika ya Kusini. Mwaka 2016 kilipewa leseni ya mazingira. Watu wa Lamu walipeleka shauri, na mwezi wa Juni 2019 Baraza la kitaifa la kusikiliza mashauri ya mazingira liliifuta leseni ile. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa kama sheria itakavyo.

Wakati wa ubishi ule wafanya kazi waligawanyika. Wengine walisema, tunataka kazi. Wengine, hasa wavuvi, walisema, kazi yetu ni bahari, na bahari itaharibika. Wote walikuwa na haki ya kusema. Ubaya ni pale mfanya kazi anapoambiwa achague mkate au pumzi, na huku hajaonyeshwa hesabu ya kiberiti, ya maji, ya majivu, wala jina la mtu atakayelipia mtambo ukiharibika. Watu waliouliza maswali walisemwa kuwa wanapinga maendeleo. Mimi naona waliuliza mambo ambayo kila fundi huuliza kabla ya kuwasha mashine.

Tena makaa ya mawe yachomwa hapa kwetu katika matanuri ya saruji. Huko chokaa iliyomo tanurini hukamata yenyewe sehemu kubwa ya kiberiti, lakini vumbi na gesi nyingine zabaki. Iko mitambo inayochoma mafuta mazito, nayo mafuta hayo yana kiberiti. Basi wanachama wetu msidhani habari hii ni ya nchi za mbali.

MASWALI YA KUULIZA

Asiyeuliza hana ajifunzalo. Mahali popote penye dohani, kamati ya tawi na iandike maswali haya na kuyapeleka kwa tajiri kwa barua, na nakala ibaki katika faili ya Chama:

1. Kinachochomwa hapa kina kiberiti kiasi gani katika mia? Nani alikipima, na lini?

2. Moshi unapimwa dohani kila saa, au mara moja kwa mwaka siku wageni wanapokuja? Wafanya kazi waweza kuyaona matokeo?

3. Kama mtambo wa kuosha upo, ulisimama saa ngapi mwezi uliopita? Mashine zilisimama nao, au ziliendelea?

4. Watu wa kusafisha na kutengeneza ni wangapi kwa zamu, na wamefundishwa nini?

5. Nani anapima vifua vya wafanya kazi? Je, mfanya kazi anapewa cheti chake mwenyewe, au kinafungiwa ofisini?

6. Mtambo ukiharibika na Serikali ikitoa ruhusa ya muda, Chama kitaitwa kabla ya ruhusa au baada yake?

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Mtambo uliosimama hugharimu tajiri kidogo kuliko mtambo unaofanya kazi. Kwa hiyo kuwa na mtambo si neno. Neno ni kama unazunguka usiku wa manane, mkaguzi akiwa amelala.

Na jibu la barua likichelewa, msikae kimya. Andikeni ya pili. Mjumbe mmoja akiuliza huitwa mkorofi, lakini tawi zima likiuliza huitwa mkutano. Jiwe la chokaa twalo tele, kuanzia pwani mpaka Athi River. Maarifa yapo tangu mwaka 1933. Kilichobaki ni watu kuuliza kwa sauti moja mpaka wajibiwe.

Umoja ni nguvu.